Maneno Kumi na Mawili

Mimi ni bahili wa baiti, sikatai. Kwa miaka ishirini na saba nimeandika programu za chipu ndogo, zile zinazokaa ndani ya pampu za maji, mizani za dukani na mita za umeme, na sijawahi kuacha baiti moja ikae bure. Ukinipa chipu yenye kumbukumbu ya baiti elfu mbili, nitaimaliza kazi yako na kukurudishia mia tatu za akiba. Vijana wa siku hizi wanataka kumbukumbu ya ukubwa wa ghala ili wawashe taa moja. Nikiwaona nasonya, tena kwa sauti, wanisikie.

Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyemtengenezea mume wake mdomo.

Mume wangu alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka madukani na sokoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, akizinyoosha mizani zilizoanza kusema uongo. Mimi niliandika programu za mizani mpya, yeye akaletwa kuzikagua, na siku ya kwanza kuonana tuligombana juu ya gramu nne. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hata baada ya ndoa aliendelea kuniita Mhandisi, kwa utani, hasa nikizidisha chumvi.

Kiharusi kilimkuta kazini, ameinama juu ya mizani ya bucha. Alipozinduka, akili ilikuwa nzima, masikio mazima, macho mazima, lakini mwili uliobaki kumtii ni vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sauti haitoki. Shingo haigeuki. Kope zilikuwa zinapepesa ovyo, kwa hiyo ule mpango wa hospitali wa kuhesabu kupepesa kwa macho ulidumu siku tatu tu. Baadaye mtaalamu mmoja akatupa kadi ya herufi. Napitisha kidole changu juu ya herufi moja moja, yeye anagonga meza nikifika kwenye ile anayoitaka. Neno "dirisha" lilitaka kutuchukua dakika tisa. Tulipofika kwenye "r" nilikuwa nimeshasimama na kulifungua. Ndiyo tabia yangu, na wakati ule niliiona ni huruma.

Basi nikaiweka kadi kabatini, nikaingia kwenye chumba changu cha kazi, na baada ya wiki moja nikatoka na mashine. Ilikuwa kasha la plastiki lenye vitufe kumi na viwili vikubwa, spika moja, chipu moja, na kumbukumbu ya sauti yenye nafasi ya sekunde kumi na mbili. Sekunde moja, neno moja. Maji, Chakula, Choo, Maumivu, Joto, Baridi, Geuza, Taa, Njoo, Usingizi, Ndiyo, Asante. Maneno niliyarekodi mwenyewe jikoni, mlango nimefunga. Kwa hiyo kwa miaka miwili mume wangu alipotaka maji, aliniomba kwa sauti yangu mimi. Programu yote ilikuwa na baiti elfu moja mia tisa na sita. Ukibonyeza, hapo hapo inasema. Nilijisifu kwa wateja, nilijisifu kwa majirani, mhudumu wa zahanati naye nilimsimulia mpaka akaanza kuangalia saa.

Mwaka wa pili mgongo wangu ukaanza kudai haki yake. Kumgeuza, kumbeba mpaka kwenye kiti, kumshusha, kumpandisha. Kiwanda cha pampu nacho kikanipa kazi ya miezi minne, na kila nikikaa kuandika mistari mitatu, mashine inaita. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa mwendo wa saa sita kwa gari kutoka kwetu. Ana nyumba isiyo na ngazi hata moja, wanawe wawili wakubwa bado wako nyumbani, na jirani yake ni muuguzi mstaafu.

"Mlete kwetu," akaniambia kwenye simu. "Umekonda umebaki macho. Ukianguka wewe, nani atawabeba nyote wawili?"

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimesubiri aseme hivyo kwa mwaka mzima. Nilisema, kwa heshima zote, "Itabidi nimuulize mwenyewe, wifi."

Na nilimuuliza, naapa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nimesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Dada yako anataka ukakae kwake. Kuna nafasi, kuna watu, kuna nesi. Gari litakuja Jumamosi. Unaonaje?"

Akabonyeza. "Choo," ikasema mashine.

Nikaweka kikombe chini, nikamwinua, nikampeleka. Tukakaa huko dakika kumi, hakuna kilichotoka. Nikamrudisha kitandani, nikampanga mito yake, nikashika kikombe changu.

"Choo."

"Si tumetoka huko sasa hivi?"

"Choo."

Kibofu chake kilikuwa na shida tangu mwaka uliotangulia. Siku nyingine aliita choo mara kumi na nne, na daktari alikuwa amempa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nikampa cha asubuhi. Kisha nikatoka ukumbini nikampigia wifi.

"Amekubali?" akauliza.

"Hajakataa," nikasema.

Siku iliyofuata akaja mpwa wangu, binti wa dada yangu, kunisaidia kufunga mizigo. Ana miaka ishirini na minne na kazi yake ni kutengeneza vifaa vya kupima unyevu wa udongo mashambani. Kwa hiyo tuko kazi moja, ila yeye ni wa kizazi cha ghala. Ananiita mama mdogo na kunitania kana kwamba nililala naye chumba kimoja utotoni. Alikunja mashuka mawili, akaishika ile mashine, akaigeuza juu chini.

"Na hii? Huko akitaka neno jipya, nani ataliweka?"

"Atanipigia simu."

"Nani atapiga? Yeye?"

Kuongeza neno kwenye mashine yangu haikuwa kazi ya kila mtu. Inabidi urekodi, uiandike programu upya, uitafsiri iwe namba, uichomoe chipu, uipeleke kwenye kifaa cha kuipakia, uirudishe mahali pake. Maandishi ya programu yanabaki kwenye kompyuta yangu. Kilichomo ndani ya chipu ni namba tupu, ambazo hata mimi niliyeziandika siwezi kuzisoma. Mtu wa nje akiifungua atakuta mlango usio na kitasa.

Mpwa wangu akatoa mfukoni kibao cha kijani, kidogo kuliko kiberiti.

"Hiki kinasoma maandishi yenyewe. Unakichomeka kwa waya kwenye kompyuta yoyote, kinaonekana kama flashi. Ndani kuna faili. Unalifungua, unabadilisha neno, unahifadhi, kinajiwasha upya. Basi."

"Kwa lugha gani?"

Akanitajia. Nikacheka mpaka mgongo ukaniuma.

"Ile ya watoto wa shule?"

"Ya watoto wa shule na ya watu wazima wasiopenda kuombaomba."

"Hiyo inakwenda polepole mara mia kuliko yangu."

"Baba mdogo anabonyeza mara thelathini kwa siku," akasema. "Unamwahisha wapi?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nikamwambia afanye anavyotaka, ilimradi asiiguse mashine yangu.

Kazi iliyonichukua wiki nzima aliimaliza alasiri mbili, kasha jipya lenye vitufe kumi na viwili na maneno yale yale ya kwangu. Hakurekodi maneno, alirekodi silabi. Alijifunika blanketi kichwani ili mwangwi usiingie, akakaa chini ya meza yangu ya kazi akisema ba, be, bi, bo, bu, mpaka akamaliza zote, mia na ushee. Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyosemwa, akasema, kwa hiyo mashine ikiletewa neno lolote italikata vipande na kulitamka. Kibodi nayo ikichomekwa, itasoma chochote kinachoandikwa. Sehemu hiyo ilikuwa mistari minane tu. Mimi kwa lugha yangu ningehitaji mistari mia nne. Sikumwambia.

Nilimwambia mengine. Kibao chake kina kumbukumbu ya kilobaiti mia mbili sitini na nne, chipu yangu ingeingia humo zaidi ya mara mia na bado ikabaki nafasi ya kucheza mpira. Lililonikera zaidi ni kwamba lugha hizi hazimwachi mtu apange kumbukumbu kwa mkono wake. Zinatupa vitu ovyo, na nafasi ikijaa zinasimama kwanza zifagie. Unabonyeza Maji, kimya, halafu ndiyo unasikia "Maji."

"Inafikiri," mpwa wangu akasema.

"Inafagia," nikasema. "Mgonjwa ana kiu, mashine inafagia."

Mume wangu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, ambayo mpwa wangu alikuwa ameiweka juu ya ile meza ndogo ya kitandani. Programu nzima ilikuwa kurasa mbili, na mpwa wangu majina yote aliyoyabuni aliyaandika kwa Kiswahili: orodha inaitwa *maneno*, kazi ya kutamka inaitwa *sema*.

"Baba mdogo, ona," akamwambia, akifuatisha kwa kidole. "Hapa ndipo yalipo maneno yako. Hapa ndipo vinapogawiwa vitufe. Mstari ukianza na alama hii, mashine inauruka, hauisumbui. Huo ni wa kusomwa na watu."

Nilikuwa sijauona uso wa mume wangu ukikaa vile tangu alipokuwa akikagua mizani. Mdomo haukusogea, hauwezi, lakini macho yalishuka mstari kwa mstari, yakapanda, yakarudia. Niliona wivu. Miaka miwili nilikuwa nimempa mashine ya kisasa yenye kasi ya ajabu, na hakuna hata siku moja aliyotaka kuona ndani yake kuna nini. Ingawa, kusema kweli, ndani hakukuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiona.

Mpwa wangu akaondoka Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi nikamwachia mume wangu kompyuta ikiwa bado imeunganishwa na kibao, na kibodi chini ya vidole vyake, nikaingia chumba cha pili kwenye pampu zangu. Kupitia ukutani nikasikia *tak*. Baada ya muda, *tak* nyingine. Nilidhani anachezea. Ikaendelea tangu saa mbili mpaka karibu saa tano, na hakuniita hata mara moja, nami nikafanya kazi asubuhi nzima bila kusimama. Nilifurahi sana kuachwa.

Saa sita nikaingia na supu. Kijiko cha kwanza, cha pili. Nilipoinua cha tatu, kidole chake kikabonyeza. Mashine ikafagia. Kisha ile sauti ya msichana ikasema, silabi kwa silabi:

"Ha-pa-na."

Niligeuka kutazama nyuma, nikidhani mpwa wangu amerudi. Nikapeleka kijiko tena.

"Ha-pa-na."

Nikaacha bakuli, nikatoka ukumbini nikampigia mpwa wangu simu.

"Mashine yako ina hitilafu. Inasema maneno yasiyokuwemo."

"Neno gani?"

"Hapana."

"Mama mdogo, kwani kwenye ile yako halikuwemo?"

"La nini? Hapana ni sifuri. Akibonyeza Ndiyo, ni moja. Asipobonyeza, ni hapana. Nafasi zenyewe zilikuwa kumi na mbili, siwezi kupoteza sekunde nzima kwa kitu ambacho ukimya unakisema bure."

Niliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, nikataka kuyarudisha. Yangekuwa sawa kabisa kwenye pampu. Kitufe kisipobonyezwa, pampu haizunguki, na hakuna anayekuja kuizungusha kwa kudhani imekubali.

"Umenyamaza," mpwa wangu akasema.

"Nafagia," nikasema, nikakata simu.

Nikarudi chumbani, nikaivuta kompyuta, nikalifungua faili. Orodha ilikuwa na maneno kumi na mawili kama ilivyoachwa, Maji mpaka Ndiyo. La mwisho ndilo lililobadilika. Vitufe vilikuwa kumi na viwili, neno moja lazima lipishe, na kati ya yote mume wangu alikuwa ameona la kupisha ni Asante.

Damu ilinipanda. Miaka miwili ya kumwosha, kumlisha, kumkata kucha, na neno alilolifuta ni hilo! Nilimtazama nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Kisha nikaona kwamba chini ya orodha kuna mstari mwingine, unaoanza na ile alama ambayo mashine inauruka. Aliuandika kwa vidole viwili, herufi kwa herufi, na makosa aliyarekebisha. Ulisema: *nimelihitaji kila siku*.

Programu zangu hazina mistari kama hiyo. Au tuseme huwa inaandikwa, lakini inafutwa njiani, haifiki kwenye chipu, kwa sababu chipu haina haja nayo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikausoma tena na tena. Supu ikapoa.

Siku ile mume wangu alikataa vitu kama mtu aliyefunguliwa akiba iliyofungiwa miaka miwili. Redio, ambayo nilikuwa namwashia kila siku taarifa ikianza: hapana. Mto wa tatu: hapana. Pazia kufungwa mchana: hapana. Maziwa ya moto: hapana, tena mara mbili mfululizo, nikajua hayo aliyachukia kuliko yote. Mwanzoni niliona uchungu, baadaye nikaanza kucheka, na nadhani naye alicheka, maana pumzi yake ilikuwa inatoka puani kwa vipande. Nikamletea kofia ya sufu aliyofumiwa na wifi, nikaiinua bila kusema neno. "Ha-pa-na." Hiyo hata mimi nilikuwa naichukia.

Jioni ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi ameita choo mara tatu tu. Mara tatu, kama mimi, kama mtu yeyote.

Kidonge cha jioni kilikuwa kiganjani mwangu. Nikakaa.

"Zile choo zote," nikamwambia. "Ulikuwa unanizuia?"

"Ndi-yo."

Choo ndicho kitufe pekee kati ya vyangu kilichonifanya niache nilichokuwa nafanya. Nikimlisha asichotaka, choo. Nikimwashia redio, choo. Wageni wakikaa sana wakimzungumzia mbele yake kama vile hayupo, choo, nami nawaomba radhi, nawatoa. Alikuwa amekipata kitufe kinachonisimamisha, akakitumia mpaka nikampeleka kwa daktari. Miezi kumi na minne ya vidonge vya kibofu, kwa mtu asiyeumwa kibofu. Nililia, sikuona haya. Nikakitupa kidonge kwenye ndoo ya taka, nikakifuatisha na chupa yenyewe.

Sasa utauliza, kwa nini usiku huo huo sikumuuliza habari ya Jumamosi? Nilijua tayari alichokuwa amenijibu Jumatatu. Nilijua, na sikuuliza, kwa sababu nilitaka aende. Nilitamani kulala usiku mmoja bila kusikia kitufe. Nilipofumba macho niliiona nyumba tupu na kiti changu cha kazi, nikajiona nimekaa humo asubuhi mpaka jioni, na ile picha ilikuwa tamu mno. Ijumaa nikafunga begi lake. Nikapanga mashati, nikapanga dawa, nikaizungushia ile kibodi waya wake, nikaufungua tena. Saa nne nikaona siwezi kuendelea kujificha nyuma ya mashati. Nikavuta kiti, nikakaa macho yangu yakiwa usawa wa macho yake.

"Kesho ndiyo siku ya gari," nikasema. "Unataka kwenda kukaa kwa dada yako?"

Nikangoja. Mashine ikafagia kumbukumbu yake yote.

"Ha-pa-na."

"Haya," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Haya, basi. Huendi."

Nikachukua simu nikampigia wifi hapo hapo, nikaiweka spika. Nilikuwa na hasira na sikujua niipeleke wapi, nikaipeleka kwake.

"Wifi, ghairi gari. Mdogo wako haji."

"Kasema nani?"

"Kasema mwenyewe."

"Atasemaje mwenyewe? Jumatatu si ulisema amekubali?"

"Nilisema hajakataa. Leo amekataa."

"Ha-pa-na," mume wangu akasema, kuthibitisha.

Wifi akashtuka. "Nani huyo msichana?"

"Ni mdogo wako."

"Mdogo wangu ana sauti ya msichana?"

"Amepewa na mpwa wangu. Ni hadithi ndefu."

Wifi akashusha pumzi. Ni mwanamke mpole, hata akikasirika huwa anakasirika taratibu. "Sawa, mimi sitamlazimisha mtu. Ila nataka kujua jambo moja tu, wifi yangu. Na mgongo wako huo, na kazi yako hiyo, wewe utaweza?"

"Nitaweza," nikasema.

"Ha-pa-na."

Nikageuka. Kidole chake kilikuwa bado kiko juu ya kitufe. Hakuwa akimjibu dada yake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nitaweza," nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, jinsi mtu anavyosema uongo mara ya pili.

"Ha-pa-na."

Kisha akakiacha kitufe, akapeleka vidole kwenye kibodi. Wifi akaanza kusema kitu, nikamwambia asubiri, anaandika. Tulisubiri sote wawili, yeye kule na mimi huku, na nilizuia mdomo wangu usimalizie neno kwa niaba yake, ingawa nililijua tangu silabi ya pili. Mashine ikasema:

"U-me-cho-ka." Na baada ya dakika nyingine: "U-na-ta-ka ni-ni we-we?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo kwa miaka miwili. Daktari aliniuliza mgonjwa anakula nini. Majirani waliniuliza mgonjwa anaendeleaje. Hata wifi, kwa upole wake wote, aliniuliza kama nitaweza. Na mimi nilikuwa sijajiuliza, maana kwenye programu niliyojiandikia mwenyewe swali hilo halikuwa na nafasi. Nikamwambia ukweli, simu ikiwa wazi, wifi akisikia kila kitu.

"Nataka kulala," nikasema. "Nataka kukaa siku kadhaa bila mtu kuniita. Nilisingizia kwamba ni kwa faida yako, lakini nilikuwa nataka uende kwa ajili yangu. Na kila nikifikiria gari linaondoka na wewe ndani, nataka kulikimbilia nilisimamishe. Nataka vyote viwili. Ndiyo hivyo, nataka uende na sitaki uende."

Mume wangu akarudi kwenye kibodi. Aliandika kwa muda mrefu kuliko mara zote, akakosea, akafuta, akaanza tena, na mimi nikakaa mikono mapajani kama mtu aliyeko kwenye foleni. Mwishowe mashine ikasoma yote kwa mpigo, bila pumzi, kwa sauti ile ya msichana anayesoma kitabu chake cha kwanza:

"Wi-ki mo-ja. Ha-la-fu u-ni-fu-a-te. We-we. Si de-re-va."

Nikamwambia nitamfuata. Nikamwambia tena: mimi, si dereva.

Simu ikakohoa. "Samahani," wifi akasema, akivuta makamasi, "mimi nimechanganyikiwa. Kwa hiyo anakuja au haji?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Nikaufunga. Nikainama, nikaiweka simu juu ya mto, karibu na spika ya mashine.

"Muulize mwenyewe," nikasema, nikatoka chumbani na kuwafungia mlango, ili amjibu dada yake bila mimi kumtazama.